Koleo la pili hutoka wapi?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hutangazwa Januari, na Januari Lamu ni kaskazi. Bahari imetulia, samaki wapo, wageni wamejaa Shela, na kijana mwenye nguvu hakosi cha kufanya. Kwa aliyepata D, msimu huo ni bahati na ni mtego pia. Ni bahati kwa kuwa hakai nyumbani akihesabu boriti za dari. Ni mtego kwa kuwa pesa ya kaskazi huja haraka, tena taslimu: asubuhi anapakia wageni mashuani kwenda Manda Toto, jioni anarudi na noti mfukoni, na hakuna anayemwuliza alipata alama gani. Kusi inapoanza kuvuma mwezi wa nne na hoteli zinapofunga vyumba, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, ambao kwa kawaida hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, umeshapita. Mwaka huo umekwenda. Wa pili nao huenda vivyo hivyo, na akija kushtuka ana miaka 25, mke na mtoto, na chombo anachoendesha ni cha mtu mwingine.

Nimeanza na upepo kwa makusudi. Mazungumzo yetu kuhusu watu walioanguka mapema kisha wakafaulu ukubwani huanzia moyoni: alikuwa na subira, hakukata tamaa, aliamini. Moyo una kazi yake, sibishi. Ila mtu aliyefeli akiwa na miaka 18 na leo anaheshimika mjini, ukimwacha asimulie bila haraka, atakueleza zaidi habari za karo, nyumba ya bibi alikolala bure, na ami yake aliyemwita siku moja akamwambia, "Njoo, mwanangu, kuna nafasi."

Barazani tuna methali tunayoitoa kwa kila aliyekosa: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni methali nzuri, na ni ya kweli. Lakini mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hashiki chuma cha moto kwa vidole. Uhunzi wake utaendelea akipata koleo jingine, la kununua, la kurithi au la kuazima. Methali haikusema hilo hutoka wapi, na huko ndiko tofauti iliko kati ya anayeinuka na anayebaki pale alipoangukia.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu idadi, maana aliyekosa hujiona yuko peke yake. Katika KCSE ya mwaka 2024, waliopata C+ kwenda juu, yaani kiwango cha chini cha kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391, sawa na asilimia 25.53. Karibu robo tatu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa upande wa pili. Mwaka 2023 hali ilikuwa ngumu zaidi, asilimia 22.27. Jambo linalowapata watu watatu katika kila wanne si ajali. Ni njia ya kawaida ambayo nchi imezoea kuiita kufeli.

Hadithi ya mzee wa kuku

Kila msimu wa matokeo kuna hadithi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mzee wa kuku wa Kentucky, aliyeshindwa maisha yake yote, akafika miaka 65 hana kitu, kisha akatajirika. Harland Sanders alikuwa mtu wa kweli na utajiri wake ulikuwa wa kweli. Kilichopotea ni katikati ya hadithi.

Alianza kuwapikia wasafiri kwenye kituo cha mafuta mjini Corbin, Kentucky, mwaka 1930, akikaribia miaka 40. Biashara ikakua ikawa mkahawa unaojulikana, naye akakaa miaka akiyatengeneza mapishi yake. Mtu wa kwanza kuingia naye mkataba wa kupika kuku kwa jina lake alifanya hivyo mwaka 1952, mkahawa wa Corbin ukiwa bado umesimama. Kilichokuja kumwangusha ni barabara kuu mpya iliyopitishwa mbali na mlango wake, ikaondoka na wateja. Alipoanza kuzunguka mji kwa mji akiuza haki ya mapishi hakuwa fukara aliyezinduka uzeeni. Alikuwa mpishi mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20, aliyepoteza jengo na kubaki na ujuzi, pamoja na ushahidi kwamba mpango wake unafanya kazi kwingine. Mwaka 1964 aliuza kampuni kwa dola milioni 2.

Ukiisoma hivyo, hadithi inageuka. Haisemi kwamba mtu yeyote anaweza kuanza na sifuri akiwa na miaka 65. Inasema kwamba kilichojengwa kwa miaka mingi huweza kuhamishwa kikapata nyumba mpya. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa, na la kwanza limewaponza wengi.

Hadithi hizi zina kasoro nyingine isiyoonekana kwa urahisi: waliofika ndio wanaosimulia. Walioanguka wakabaki chini hawaalikwi kuhutubia mahafali. Ukiwasikiliza mabingwa kumi wakisema "nilifeli, nikafaulu", huwezi kujua kama kufeli kuliwasaidia, au walifaulu licha ya kufeli. Ili kujua, ungehitaji watu wawili waliolingana kwa kila kitu, mmoja apate na mwingine akose kwa bahati tu, kisha uwafuate kwa miaka.

Waliokosa kwa unywele

Watu wa namna hiyo wamepatikana, ila si pwani yetu. Mwaka 2019 watafiti watatu, Yang Wang, Benjamin Jones na Dashun Wang, walichapisha uchunguzi kuhusu wanasayansi vijana wa Marekani walioomba fedha za utafiti kutoka NIH, taasisi za serikali zinazofadhili utafiti wa tiba, kati ya mwaka 1990 na 2005. Kila ombi hupewa alama, na kuna mstari: juu yake unapata, chini yake unakosa. Watafiti hawakushughulika na walioshinda kwa mbali wala walioshindwa kwa mbali. Waliwachukua waliokuwa jirani kabisa na mstari huo, pande zote mbili. Hao kwa ubora walikuwa sawa. Ni kama watahiniwa wawili wa skuli moja, mmoja akapata C+ na mwenziwe C kwa tofauti ya pointi moja.

Waliwatazama kwa miaka kumi. Waliokosa kwa unywele, wakaendelea na kazi hiyohiyo, walikuja kuandika makala zilizonukuliwa zaidi na wanasayansi wengine kuliko waliopata kwa unywele. Waliopata walikuwa na pesa. Waliokosa hawakuwa nazo. Bado waliokosa wakawapita.

Msomaji makini atauliza: je, si kwamba wanyonge walijiondoa, wakabaki hodari watupu? Watafiti nao walijiuliza. Wakachukua upande wa waliopata wakawaondoa kwenye hesabu waliofanya vibaya zaidi, mpaka mchujo ukalingana pande mbili. Tofauti ikapungua, lakini haikuisha. Kwa hiyo kuna kitu katika kule kukosa kilichowanoa wale waliobaki.

Sasa sikiliza upande wa pili wa uchunguzi huohuo, ambao mara nyingi hausimuliwi. Kukosa mara moja tu kuliongeza kwa zaidi ya asilimia 10 uwezekano wa mtu kutoweka kabisa katika mfumo ule, asionekane tena akiomba. Watu waliokuwa sawa na wenzao, wenye elimu ya juu, katika nchi tajiri, waliondoka kwa ajili ya barua moja.

Mwaka mmoja kabla yake, 2018, Thijs Bol na wenzake wawili walikuwa wamechapisha uchunguzi kama huo kutoka Uholanzi, nao ulionekana kusema kinyume. Huko, waliopata ruzuku ya kwanza kwa unywele walikusanya fedha za utafiti zaidi ya mara mbili ya waliokosa kwa unywele, katika miaka minane iliyofuata. Ushindi mdogo wa mwanzo ukazaa ushindi mwingine.

Ipi kweli? Zote mbili, kwa sababu zinapima vitu tofauti. Wa Uholanzi walihesabu pesa alizopata mtu. Wa Marekani waliangalia ubora wa kazi za waliobaki. Na zote mbili zinakutana mahali pamoja. Waholanzi waligundua kwamba sehemu ya pengo ilitokana na waliokosa kutoomba tena. Walitoka ulingoni wenyewe. Kuanguka kwenyewe hakukuharibu uwezo wa mtu, pengine kuliuongeza. Kilichowapoteza watu ni kuacha.

Hapa wahubiri wa mafanikio hurukia mwisho: basi usiache! Ushauri huo unamfaa mtu ambaye uamuzi wa kuacha uko mikononi mwake. Kwa wengi wetu haupo.

Kwa nini mtu huacha

Tuseme kuna kijana wa mtaa wa Langoni mjini Lamu aliyepata D+, na tuseme akili anazo, maana alama moja ya siku chache za Novemba si kipimo cha akili ya mtu. Akitaka kurudia mtihani anahitaji ada ya usajili, mahali pa kusomea, na mwaka mzima ambao haleti chochote nyumbani. Baba akiwa na mshahara, mwaka huo ni gharama tu. Baba akiwa mvuvi ambaye kusi ikichafuka hatoki, mwaka huo ni chakula cha wadogo zake. Kijana huyo akiacha, tusimwambie hana moyo.

Kuna karatasi. Shule imeshikilia cheti chake kwa sababu ya deni la karo, ingawa sheria ya Baraza la Mitihani inakataza jambo hilo, na bila cheti hawezi kuomba nafasi hata ya chuo cha ufundi. Nawajua watu waliokaa miaka bila kwenda kuuliza kwa kuogopa kudaiwa, wakati wangeweza kwenda ofisi ya elimu wakapewa barua.

Na kuna fedheha, ambayo mjini kwetu si jambo dogo. Lamu kila mtu anajulikana ni mtoto wa nani, na njia zetu ni nyembamba, huwezi kumkwepa mtu. Inafaa tukumbuke yaliyotokea baada ya Septemba na Oktoba 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na Manda, nchi za kigeni zikawaonya raia wao wasije, na utalii ukaporomoka karibu mara moja. Wapishi, manahodha na wahudumu wa hoteli walikosa kazi kwa pamoja. Hasara ilikuwa kubwa, lakini aibu haikuwapo. Hakuna aliyemwambia mwenziwe amefeli, kwa kuwa sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu, na waliorudi kwenye uvuvi walirudi wakiwa na majina yao. Mtihani ukimwangusha mtu, sababu hazionekani, basi lawama zote humwangukia yeye. Nadhani nusu ya uzito wa kufeli shuleni ni huo.

Kwa wasichana hesabu ni nyingine. Mvulana aliyekosa ana bahari. Msichana aliyekosa mara nyingi ana posa. Sisemi ndoa ni mkosi. Nasema ratiba yake hubadilika kwa namna ambayo ushauri wa "usikate tamaa" hauifikii. Kenya ina sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliopata watoto tangu mwaka 1994, na miongozo yake ikafanyiwa upya mwaka 2020. Sera ipo. Kinachokosekana ni saa mbili za mchana ambazo mtu mwingine atamshika mtoto. Wanawake wengi niliowaona wakirudi kusoma wakiwa na miaka 30 na zaidi, katika madarasa ya ngumbaru au mafunzo ya ualimu wa chekechea, walirudi kwa sababu mama mzazi au wifi alikubali kubaki na watoto, au darasa lilipangwa baada ya alasiri. Mtu anayepanga saa ya darasa ana nguvu kuliko mhamasishaji.

Ujuzi usiotaka haraka

Kuna sababu nyingine inayofanya watu wafaulu wakiwa wamechelewa, nayo haina uhusiano na kuanguka. Baadhi ya kazi huiva polepole.

Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine walionyesha kwamba uwezo wa akili haufiki kilele kwa pamoja. Wepesi wa kuchakata mambo huwa juu kabisa kabla ya miaka 20 au hapo karibu, kisha huanza kushuka. Msamiati huendelea kukua hadi miaka ya 60. Mtihani wa saa mbili kwa kiasi kikubwa hupima kile cha kwanza, tena katika umri ambao wepesi huo uko juu. Kazi nyingi za maisha zinataka cha pili na jamaa zake: kuijua lugha, kuwajua watu, kukumbuka jambo kama hili lilikwendaje safari iliyopita.

Biashara nayo ni hivyo. Pierre Azoulay na wenzake walichambua kumbukumbu za serikali ya Marekani za watu walioanzisha kampuni. Katika kampuni mpya zilizokua kwa kasi kuliko zote, ile moja katika kila elfu, wastani wa umri wa mwanzilishi ulikuwa miaka 45. Mwanzilishi wa miaka 50 alikuwa na uwezekano mkubwa wa kufika huko kuliko wa miaka 30, na uzoefu katika sekta hiyohiyo ulisaidia sana. Tumezoea picha ya kijana aliyeacha chuo akatajirika kwa kompyuta. Hesabu inamwelekea mtu wa makamo aliyefanya kazi kwa watu mpaka akaijua.

Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, hawahitaji utafiti huo. Mvulana anayekaa na fundi wa vyombo huanza kwa kushikilia mbao na kuokota misumari, baadaye anapewa keke atoboe, kisha anajifunza kukalafati, kupachika pamba kati ya mbao ili maji yasipite. Kushika tezo mbele ya mataruma ya jahazi hakuji mapema, na kuutazama mti uliopinda ukajua utakaa wapi bila mchoro wowote kunakuja baadaye zaidi. Hakuna fundi mkuu wa miaka 20. Anayeonekana kijijini kuwa amechelewa huenda yuko katikati ya mafunzo yake.

Hapa Lamu imekuwa na koleo la pili tangu zamani, na tunalisahau kwa sababu halina jengo. Fundi humpokea kijana bila kumwuliza alama wala karo. Nyumba za ukoo humpa pa kulala. Kasoro ya koleo hili ni moja, nayo ni kubwa siku hizi: halitoi karatasi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, upande wa bara kule Kililana, lilianza kazi Mei 2021, na tangu hapo tumeona jinsi mkono unaojua unavyoweza kusimamishwa langoni kwa kukosa hati.

Wanaofungua milango

Ukitaka kumwona mtu wa Lamu aliyelielewa jambo hili zaidi ya karne moja kabla ya watafiti, mtazame Habib Swaleh. Alikuja kutoka Ngazija akiwa kijana katika karne ya 19, sharifu wa ukoo wa Jamalilil, akajikita Langoni wakati elimu na heshima vilikuwa Mkomani kwa familia za zamani za mji. Akawafundisha watu ambao hawakuhesabiwa kuwa wanafunzi: wageni, maskini, na waliotoka katika utumwa na watoto wao. Alipingwa na wakubwa, pia kwa kuruhusu matari katika maulidi. Hakuacha. Msikiti wa Riyadha uliojengwa kutokana na kazi yake ukawa kitovu cha elimu, na Maulidi ya Lamu hadi leo huwavuta watu kutoka pwani nzima na nje. Alifariki mwaka 1935.

Husimuliwa kama hadithi ya mtu mmoja mwenye karama. Mimi huiona zaidi kama hadithi ya wale wanafunzi. Walikuwa wameambiwa tangu kuzaliwa kwamba hawana nafasi, kabla hata ya kufeli chochote. Haikubadilika akili yao, ulibadilika mlango.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Kimani Maruge wa Eldoret. Januari 2004 aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiyvo akiwa na miaka 84, akatambuliwa duniani kama mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi. Sifa zote alipewa yeye, na alizistahili. Lakini hamu yake haikuzaliwa mwaka ule. Kilichozaliwa, mwaka mmoja kabla, ni elimu ya msingi bila malipo. Sera iliandikwa kwa ajili ya watoto, naye akapenya.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 akiwa na miaka 22 kwa maandishi ya kuipinga serikali, akatoka mwaka 1972. Miaka mitatu ya ujana ikiwa imekwenda, na Kenya ikiwa si mahali pake pa kupumua, ingekuwa rahisi jina lake liishie hapo. Mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yakapata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Tuzo haimlishi mtu, hata hivyo. Aliajiriwa na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London, na baadaye akafundisha Kiswahili chuo kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Kila hatua ilikuwa na ofisi iliyokubali kumwangalia anachoweza badala ya pale alipotoka.

Milango iliyopo sasa

Kwa aliyekosa KCSE, kurudia mtihani ni njia moja tu, na kwa wengi si bora. Ngazi ya ufundi iko hivi: mwenye C- anaweza kuingia diploma, mwenye D anaweza kuanza cheti, na hata mwenye E ana mahali katika mafunzo ya ufundi stadi. Ukimaliza ngazi moja vizuri unapanda inayofuata, na mwenye diploma nzuri hupokewa vyuo vikuu. Njia hiyo ni ndefu. Kijana aliyeanza chini kabisa atafika shahada akikaribia miaka 30 au kuipita, nao wenziwe wa C+ watakuwa wameshamaliza zamani. Kwa mujibu wa hesabu za hapo juu, hajachelewa.

Kwa mtu mzima aliyekwisha kuijua kazi, kurudi darasani miaka miwili kufundishwa anachokijua ni kupotezewa wakati. Huyo aangalie mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, yenye daraja la 3, la 2 na la 1, ambapo la 1 ndilo la juu. Hupima waashi, maseremala, mafundi umeme, mabomba, magari, ushonaji na kazi nyingine, kwa vitendo na kwa maswali, bila kudai umesoma chuo gani. Ni njia ya zamani, na nashangaa ni mafundi wangapi wa mji huu hawajapata kuiulizia.

Mpya zaidi ni mpango wa serikali wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, chini ya mamlaka ya kitaifa ya ufuzu. Mwombaji hukusanya ushahidi wa kazi zake, huhojiwa, huonyesha kwa mikono, na akifaulu hupewa cheti cha ngazi inayolingana na anachokijua. Hapa ndipo mafundi wetu hukwama, kwa kuwa hatuna desturi ya kuweka kumbukumbu. Mchonga nakshi mwenye miaka 15 kazini, milango yake ikiwa imepelekwa Nairobi na Ulaya, huenda hana picha hata moja. Mafundi wa vyombo nao wana tatizo lao: ufundi wao hauko wazi katika orodha za kazi, na pengine itabidi waanze kwa kupimwa kama maseremala.

Basi atakayetaka kuomba aanze kupiga picha kila kazi kwa simu yake tangu inapoanza hadi inapokwisha, aweke risiti za mbao, awaombe wateja waandike mistari miwili na kutia sahihi. Na kama mwalimu aliyemfundisha yu hai, aombe barua yake mapema kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa wengi wa mafundi hao ni wazee, na mtu pekee anayeweza kuthibitisha kwamba ulianza lini na ulifundishwa nini ni yeye.